UZI: Dawa za RNA zinaingiaje ndani ya seli, kwa nini ini hupokea karibu zote, na zinakwama wapi

Kokwa (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, salaam.

Mada ya dawa za RNA ikiletwa hapa, mjadala huishia kwenye chanjo za Korona na majokofu. Nafungua uzi huu kwa swali ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: RNA ikishadungwa, inaifikiaje seli inayotakiwa, na ikishaingia inatokaje mahali ilipomezwa ili ifanye kazi? Naanza na siRNA kwa kuwa dawa zake zilizoidhinishwa tayari ni kadhaa. mRNA, yaani RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, tutaifikia.

siRNA ni nyuzi mbili fupi za RNA zilizoshikana, kila uzi una nyukleotidi 21 hadi 23. Uzito wake ni kilodaltoni 13 au 14, na imebeba chaji hasi zipatazo 40, moja kwa kila fosfati. Kwa chaji hizo haiwezi kupenya utando wa seli. Ukiidunga tupu kwenye mshipa, vimeng'enya vya damu huikatakata kwa dakika chache, na kinachosalia figo hukichuja kuwa mkojo. Kazi yake iko ndani ya sitoplazimu: huingia kwenye mtambo wa protini uitwao RISC, uzi mmoja hutupwa, uzi mwongozo hubaki umeshikwa na protini Ago2, na kila mRNA inayolingana nao hukatwa. Uzi mwongozo mmoja hukata mRNA moja baada ya nyingine kwa muda mrefu, hivyo molekuli elfu chache ndani ya sitoplazimu zinatosha. Shida yote ni kuzifikisha hizo elfu chache.

Njia iliyofungua mlango ni chembe nano za lipidi, LNP. Patisiran, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa amiloidosisi unaoharibu neva, iliidhinishwa Marekani Agosti 2018 ikiwa siRNA ya kwanza kabisa kufika sokoni. Chembe zake zina lipidi nne kwa uwiano wa moli 50 : 10 : 38.5 : 1.5, yaani lipidi ya ioni (inayopata chaji chanya kwenye tindikali) DLin-MC3-DMA, kwa kifupi MC3, fosfolipidi DSPC, kolesteroli, na lipidi yenye mkia wa PEG, polima inayopenda maji. Chembe ikiingia kwenye damu, lipidi ya PEG yenye minyororo mifupi ya kaboni 14 hubanduka taratibu, na protini ya damu iitwayo ApoE hujipachika juu yake. Seli za ini zina vipokezi vya kukamata mafuta yenye ApoE, basi nazo huimeza. Mishipa midogo ya ini nayo ina matundu ya takriban nanomita 100, hivyo chembe ndogo hupita na kuzigusa seli moja kwa moja. Kwa hiyo anwani ya ini haikuandikwa na mtu kwenye LNP. Mwili wenyewe ndio unaoiandika.

Njia ya pili ni kuachana na chembe kabisa. Sukari ya GalNAc, tatu kwa pamoja kwenye tawi moja, hufungwa kwenye ncha ya 3' ya uzi msindikizaji wa siRNA, ule unaotupwa. Seli ya ini ina vipokezi vya ASGPR vipatavyo laki tano juu yake, na kila kimoja huingia ndani na kurudi juu kwa takriban dakika 15. Sukari tatu hushika kwa nguvu zaidi sana kuliko moja kwa sababu zinashika vipokezi vya jirani kwa pamoja. Givosiran (2019), lumasiran (2020), inclisiran (Ulaya 2020, Marekani 2021) na vutrisiran (2022) zote zimepita njia hii.

Ninachokisimamia katika uzi huu ni kimoja: kumezwa na seli bado si kufika. Chembe iliyomezwa ni kama mgeni aliyekaribishwa barazani, yuko kwa watu lakini mlango wa ndani haujafunguliwa. Baraza hilo ni endosomu. Kwa LNP za siRNA, utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kuwa asilimia 1 hadi 2 tu ya siRNA iliyomezwa hutoroka endosomu. Nyingine huishia kwenye lisosomu na kusagwa.

Mfano unaoonyesha haya vizuri kuliko wowote niujuao: revusiran na vutrisiran. Zote zinalenga jeni moja, TTR, linalotoa protini inayoleta ile amiloidosisi niliyoitaja kwenye patisiran. Zote zina GalNAc, zinaingia kwa kipokezi kilekile kwenye seli zilezile. Revusiran ilitolewa miligramu 500 kila wiki baada ya dozi tano za mwanzo za kila siku, jumla gramu 28 hivi kwa mwaka wa kwanza. Vutrisiran ni miligramu 25 kila miezi mitatu, yaani miligramu 100 kwa mwaka. Tofauti ni mara 280! Anwani haikubadilika. Kilichobadilika ni kemia ya nyuzi zenyewe: mpangilio wa 2'-fluoro na 2'-O-methili (marekebisho ya sukari za RNA), na viungo vya fosforothioati (fosfati yenye salfa) vilivyoongezwa kwenye ncha za nyuzi. siRNA mpya hukaa kwenye vyumba vya tindikali vya seli kwa wiki nyingi bila kusagwa, ikivuja kidogokidogo kuelekea sitoplazimu. Endosomu imegeuzwa ghala. Jaribio la revusiran lilisimamishwa Oktoba 2016 baada ya vifo kuwa vingi zaidi upande wa waliopewa dawa.

Karibuni. Nawaomba wenye uzoefu wa kutengeneza chembe waweke vipimo, si nadharia.

---

Sitrati4 #2

Mkuu Kokwa, umeeleza vizuri. Ombi langu ni kwa Mama Pipeti, najua anapita humu. Shikamoo mama. Tuwekee namna ya kutengeneza LNP kwa kiasi kidogo cha maabara, na hesabu zake. Makala nyingi zinaandika "N/P 6" halafu zinaondoka.

---

Mama Pipeti #3

Marahaba mwanangu. Naweka.

N/P ni idadi ya naitrojeni zinazoweza kuchajika kwenye lipidi ya ioni kwa kila fosfati ya RNA. Chukua mikrogramu 100 za mRNA. Nyukleotidi moja ni wastani wa 330 g/mol na ina fosfati moja, kwa hiyo 100 gawanya kwa 330 unapata mikromoli 0.303 za fosfati. Zidisha kwa 6: mikromoli 1.82 za MC3, ambayo ina naitrojeni moja kwa molekuli. Zinazobaki zinafuata uwiano wa 50 : 10 : 38.5 : 1.5.

MC3 (uzito wa moli 642): mikromoli 1.82, miligramu 1.17
DSPC (790): mikromoli 0.36, miligramu 0.29
Kolesteroli (387): mikromoli 1.40, miligramu 0.54
DMG-PEG2000 (takriban 2,500): mikromoli 0.055, miligramu 0.14

Jumla ni mikromoli 3.64, miligramu 2.1 hivi za lipidi kwa miligramu 0.1 ya RNA. Usijaribu kupima miligramu 0.14 kwenye mizani. Tengeneza akiba ya kila lipidi kwenye ethanoli safi isiyo na maji, miligramu 10 kwa mililita au zaidi, kisha changanya kwa ujazo. DSPC ndiyo yenye ukaidi: kwenye ethanoli baridi inaganda. Pasha chupa hadi nyuzi joto 40 au 50, zungusha mpaka uone maji maang'avu, ndipo uchote. Ukichota ikiwa na ukungu umechota uwiano usio wako, na hutajua mpaka mwisho.

Ujazo: lipidi zote kwenye ethanoli mililita 0.3, unapata kama milimola 12. RNA kwenye bafa ya sitrati ya pH 4.0, milimola 25 hadi 50, mililita 0.9. Uwiano wa maji kwa ethanoli ni 3 kwa 1. Pitisha kwenye chipu ya mifereji myembamba yenye miinuko ya kuvuruga mkondo, mwendo wa jumla mililita 12 kwa dakika, yaani 9 za maji na 3 za ethanoli. Matone ya kwanza, mililita 0.1 hadi 0.2, yamwage, mchanganyiko haujatulia hapo. Ya mwisho kabisa pia usiyachukue.

Kinachotokea: kwenye pH 4 MC3 ina chaji chanya, inaishika RNA. Ethanoli inapozimuliwa ghafla, lipidi hazina pa kukaa, zinajikunja kuzunguka RNA. Kasi ya kuchanganyika ndiyo inayoamua ukubwa.

Sasa hapa wengi huharibu. Kilichotoka kwenye chipu kina ethanoli asilimia 25 na bado ni tindikali. Chembe hazijatulia, zinaendelea kuungana. Usikiache mezani ukaenda kunywa chai. Zimua papo hapo kwa PBS (bafa ya chumvi na fosfati) ya pH 7.4 mara kumi au zaidi, au kipeleke moja kwa moja kwenye mfuko wa dialisisi ndani ya PBS ya ujazo mara elfu moja, nyuzi joto 4, ubadilishe PBS angalau mara moja, uache usiku kucha. Kupunguza ujazo, tumia kichujio cha sentrifuji cha kilodaltoni 100 kwa mzunguko wa taratibu. Ukikimbiza, chembe zinabanana kwenye utando wa kichujio na kushikana.

Vipimo vya chini vya kukubali mzigo: ukubwa nanomita 60 hadi 100, PDI (kipimo cha chembe kutofautiana ukubwa) chini ya 0.2, RNA iliyofungwa ndani asilimia 90 au zaidi.

Jambo moja la nyongeza. N/P 6 ni ya mRNA. Ukisoma lebo ya patisiran, kila mililita ina siRNA miligramu 2 na MC3 miligramu 13. Piga hesabu ileile utapata N/P ya 3 na kidogo. Usinakili namba ya mRNA kwa siRNA bila kufikiri, lipidi ya ziada nayo ni mzigo kwa ini la mgonjwa.

---

Sitrati4 #4

Asante sana mama. Sasa tuseme mtu amefuata yote hayo akapata nanomita 140, PDI 0.28, na RNA iliyofungwa asilimia 72. Aanzie wapi kutafuta?

---

Mama Pipeti #5

Angalia namba mbili kwa pamoja, usiangalie moja.

Ukubwa mzuri lakini RNA haijafungwa: kosa liko kwenye chaji. Ama pH ya sitrati imepanda, ama N/P imeshuka kwa sababu RNA ilipimwa vibaya au akiba ya lipidi ya ioni ni hafifu kuliko ilivyoandikwa. Pima pH upya kwa kipimo kilichosanifiwa kwa bafa ya 4.0, maana wengi husanifu kwa 7 na 10 tu.

RNA imefungwa vizuri lakini chembe ni kubwa: kosa ni la kuchanganya au la PEG. Mwendo mdogo, hewa ndani ya bomba la sindano, chipu iliyoziba mfereji mmoja. Au lipidi ya PEG iko chini ya asilimia 1. PEG ndiyo inayoziambia chembe ziache kukua.

Zote mbili mbovu, kama ulivyoandika: anza na akiba za lipidi. DSPC iliyoganda, ethanoli iliyonyonya maji kwa kufunguliwa kila siku. Tengeneza akiba mpya kabla ya kugusa kitu kingine. Baada ya hapo ndipo uende kwenye chipu.

Na kabla ya kuamini hiyo 72, kagua kipimo chenyewe. RiboGreen ni rangi inayong'aa ikigusa RNA iliyo nje ya chembe. Unapima sampuli bila Triton X-100 (sabuni ya kuvunja chembe) upate RNA iliyo nje, na nyingine yenye Triton iliyovunja chembe upate RNA yote. Toa ya nje kwenye jumla, gawanya kwa jumla. Triton inabadilisha mng'ao wa rangi, kwa hiyo mstari wa viwango uwe miwili, mmoja wenye Triton na mwingine usio nayo. Anayetumia mstari mmoja anapata asilimia ambayo si ya kweli, juu au chini.

---

Nyuzi_Mbili #6

Naongezea aina ya kushindwa inayosumbua kuliko hizo: kila kipimo kizuri, nanomita 80, asilimia 95 imefungwa, ukiweka kwenye seli hakuna protini. Kwa mRNA kuna sababu moja iliyoelezwa mwaka 2021 na watafiti wa Moderna. Lipidi ya ioni ina amini ya daraja la tatu. Ikioksidishwa inakuwa N-oksidi, N-oksidi inavunjika na kutoa aldehidi, na aldehidi zinajifunga kwenye besi za mRNA. mRNA iliyofungwa namna hiyo haisomeki na ribosomu. Urefu wake haujabadilika, kwa hiyo vipimo vya kawaida vya uzima wa RNA havioni kitu. Inaonekana kwenye kromatografia ya jozi za ioni, kama kilima kinachochelewa kutoka nyuma ya kilima kikuu.

mRNA ndefu inaumizwa zaidi: nyukleotidi elfu nne ni nafasi elfu nne za kuharibiwa, na pigo moja katikati ya maandishi latosha. siRNA ya nyukleotidi 21 inavumilia. Kinga ni kununua lipidi ya ioni kwenye vichupa vidogo, kuihifadhi chini ya nyuzi joto 20 hasi na gesi ya argoni juu yake, na kutorudisha kwenye friza chupa iliyokaa wazi.

---

Dozi #7

Nashukuru kwa mafundi wa kutengeneza. Niongelee upimaji kwenye seli, kwa sababu hapo ndipo hoja ya Kokwa ya "kumezwa si kufika" inapopuuzwa zaidi.

LNP kwenye seli za HepG2 (laini ya seli za uvimbe wa ini) bila seramu: hakuna ApoE, basi hakuna anwani. Matokeo hafifu yanasomwa kama lipidi mbovu. Weka ApoE ya binadamu, mikrogramu 1 kwa mililita, na uwe na visima vya sahani ya seli visivyo nayo kwa kulinganisha. Tofauti kati yao ndiyo inayokuambia kama chembe zako zinapita njia ya ApoE au zinaingia kwa namna nyingine.

GalNAc kwenye HepG2: usipoteze pesa. Vipokezi vya ASGPR kwenye laini hizo za seli ni vichache ukilinganisha na ini halisi. Tumia seli za ini zilizotolewa mbichi au zilizogandishwa kitaalamu, na uweke dawa saa chache tu baada ya kuzipanda, kwa sababu kadiri siku zinavyokwenda kwenye sahani ndivyo zinavyopoteza vipokezi. ASGPR inahitaji kalsiamu ili ishike sukari. Mtu aliyeachia EDTA, inayonasa kalsiamu, kwenye bafa yake amefunga mlango yeye mwenyewe. Hilo unaweza kuligeuza likawa kidhibiti: kisima chenye EGTA, nayo ya kunasa kalsiamu, na kingine chenye asialofetuini nyingi, protini ya kushindania kipokezi. Shughuli ikizimika kwenye vyote viwili, ni ASGPR kweli.

Daima weka sambamba siRNA ileile iliyoingizwa kwa Lipofectamine RNAiMAX, kemikali ya maabara ya kuingiza RNA kwenye seli. Hiyo inapima uzuri wa mfuatano wenyewe. Ikifanya kazi kwa RNAiMAX na isifanye kwa GalNAc, tatizo ni kufikisha. Isipofanya kazi kwa zote, tupa mfuatano, usilaumu sukari.

Sasa rangi. Picha za seli zinazong'aa Cy5 ndizo zinazopotosha fani hii. Mng'ao unaweza kuwa chembe iliyonata nje ya utando, rangi iliyokatika na kubaki ndani peke yake, au RNA iliyokwama endosomu na kuishia hapo. Kisima cha nyuzi joto 4 kinakuonyesha kilichonata tu, kwa sababu kwenye baridi seli haimezi. Lakini hata ukiondoa hicho, umepima umezaji. Kupima kufika ni lazima uulize kazi: mRNA lengwa imepungua kwa RT-qPCR (kipimo cha kiasi cha RNA), au lusiferasi, protini inayotoa mwanga, imeonekana. Kwenye panya, panya wa Ai14 ndio wanaoaminika. Unapeleka mRNA ya Cre, na seli inawaka nyekundu pale tu Cre imetafsiriwa na kukata jeni ndani ya kiini. Hapo hakuna ubishi.

---

Kokwa #8

Mkuu Dozi, umenena. Niongeze vipimo viwili vya endosomu yenyewe. Cha kwanza, klorokwini: inavimbisha endosomu na kuzipasua. Ukiiongeza kidogo na shughuli ya siRNA ikapanda mara nyingi, kizuizi chako kilikuwa utorokaji. Isipopanda, tafuta mbele au nyuma ya hapo. Ni sumu kwa seli, kwa hiyo ni chombo cha kuuliza swali tu, na uweke kisima cha klorokwini peke yake. Cha pili, seli zenye galektini-8 au galektini-9 iliyounganishwa na protini inayong'aa. Utando wa endosomu ukichanika, sukari za upande wa ndani zinaonekana, galektini zinakimbilia hapo na unaona vidoa. Hesabu vidoa kwa kila seli.

Kuhusu lipidi ya ioni inavyofungua utando: namba ya kuangalia ni pKa ya chembe nzima, yaani pH ambayo nusu ya lipidi ya ioni imechajika, inayopimwa kwa rangi ya TNS. MC3 ni 6.44, na eneo zuri kwa ini ni 6.2 hadi 6.5. Kwenye damu ya pH 7.4 chembe haina chaji kubwa, hivyo haishambulii kila inachokigusa. Endosomu inaposhuka kuelekea 5.5 lipidi inachajika, inajozi na lipidi hasi za utando wa endosomu, na jozi hizo zina umbo la koni lisilokaa kwenye utando bapa. Utando unavurugika na RNA inapenya. pKa ikiwa 5.5 inachajika ikiwa imechelewa, imeshafika lisosomu. Ikiwa 7 na zaidi, inanata kwenye seli za damu na kuta za mishipa.

---

Uboho #9

Wakuu, tumeongelea ini tu. Sisi tunaouguza watoto wenye selimundu tunauliza kuhusu uboho. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Tiba ya jeni ya Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na inahitaji kukusanya seli mama za damu, kuzihariri maabara, kumpa mgonjwa busulfani ya kuua uboho wake, kisha kuzirudisha. Ni hospitali chache mno zinazoweza hayo. Je, LNP zinaweza kupeleka mhariri wa jeni moja kwa moja kwenye uboho kwa sindano ya mshipa?

---

Nyuzi_Mbili #10

Dada Uboho, swali hili ndilo lenye uzito kwa Afrika Mashariki, na jibu ni kwamba kwa panya na kwa seli za binadamu maabara imeonyeshwa. Mwaka 2023 kundi la Philadelphia lilichapisha kwenye jarida la Science LNP zilizobandikwa kingamwili dhidi ya CD117, kipokezi kilichopo kwenye seli mama za damu. Zilipeleka mRNA ya Cre kwenye uboho wa panya kwa sindano ya mshipa, na kwenye seli za wagonjwa wa selimundu zilipeleka mhariri wa besi, mtambo unaobadili herufi moja ya jeni. Kabla yake, mwaka 2022, kundi jingine la mji huohuo lilitumia kingamwili dhidi ya CD5, alama ya seli T, kugeuza seli T ndani ya mwili wa panya zishambulie kovu la moyo.

Ufundi wake una mitego. Kingamwili haibandikwi kwenye lipidi ya PEG ya kaboni 14, kwa sababu hiyo inabanduka kwenye damu na kuondoka na anwani yako. Unaongeza DSPE-PEG yenye maleimidi (kundi linaloshika thioli) mwishoni, minyororo ya kaboni 18, ambayo inang'ang'ania. Kingamwili unaipa thioli (kundi la salfa) kwa kemikali ya SATA, unaifungua kwa hidroksilamini, unaisafisha kwenye safu ya kuondoa chumvi, kisha unaichanganya na LNP kwenye pH 6.5 hadi 7.2, saa moja joto la chumbani au usiku nyuzi joto 4. Usivuke 7.5: maleimidi inavunjwa na maji, na inaanza kushika amini. Hata DTT kidogo iliyobaki, kwa kuwa nayo ina thioli, inamaliza maleimidi yote. Kutenganisha kingamwili zisizoshika, safu ya Sepharose CL-4B: LNP zinatoka kwanza, kingamwili huru zinafuata. Pima ukubwa tena, utaongezeka kidogo. Ukiongezeka maradufu, chembe zimefungamana.

Kidhibiti cha lazima ni LNP yenye kingamwili ya aina ileile isiyolenga kitu. Bila hiyo huwezi kudai umelenga, maana PEG ya kaboni 18 peke yake inabadilisha safari ya chembe. Na ujue kwamba hata kwa kulenga vizuri, sehemu kubwa ya dozi bado inaishia kwenye ini. Kingamwili inaongeza mlango mpya, haifungi ule wa zamani. Kwa mhariri wa jeni hilo si jambo dogo, kwa sababu ini nalo litahaririwa. Kuna pia uwezekano wa mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya PEG, dozi ya pili ikaondolewa haraka. Ndiyo maana kwa selimundu kinachotafutwa ni dozi chache zenye nguvu, si sindano za kila mwezi.

---

Kokwa #11

Na ipo njia isiyo na kingamwili kabisa. Mwaka 2020 kundi la Dallas lilionyesha kuwa ukiongeza lipidi ya tano kwenye zile nne, chembe inabadilisha kiungo. Lipidi yenye chaji chanya ya kudumu, DOTAP, ikifika nusu ya lipidi zote, mRNA inafanya kazi zaidi kwenye mapafu ya panya. Lipidi yenye chaji hasi, 18PA, asilimia 10 hadi 40, inaelekea wengu. Baadaye walieleza sababu: kila chembe inavaa protini tofauti za damu. Ya ini inavaa ApoE, ya mapafu inavaa vitronektini. Ni nzuri, lakini "mapafu" si seli. Ndani ya mapafu utakuta kuta za mishipa zimepokea zaidi kuliko seli za njia ya hewa, na mgonjwa wa sistiki faibrosisi anahitaji hizo za njia ya hewa. DOTAP nyingi kwenye mshipa pia inataka uangalifu mkubwa wa kuganda kwa damu.

Ubongo nao una mpango wake. siRNA zenye mkia wa kaboni 16 zinadungwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo, hazihitaji chembe. Misuli inajaribiwa kwa kingamwili za kipokezi cha transferini. Kila tishu itataka jibu lake.

---

Mfamasia wa Bara #12

Niwakumbushe upande wa mgonjwa na stoo, kwa sababu njia ya kufikisha ndiyo inayoamua kituo gani cha afya kinaweza kutoa dawa.

Patisiran kwa mgonjwa wa kilo 60: miligramu 0.3 kwa kilo ni miligramu 18, yaani mililita 9, inazimuliwa kwenye chumvi ya asilimia 0.9 hadi mililita 200, baada ya kupita kichujio cha maikromita 0.45, mfuko usio na DEHP, kilainishi cha plastiki. Dripu ni dakika 80: mililita 1 kwa dakika kwa dakika 15 za kwanza, kisha 3. Angalau saa moja kabla, deksamethasoni miligramu 10, parasetamoli, na dawa za mzio za H1 na H2. Kila wiki tatu. Inakaa nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika, kwa sababu barafu inavunja chembe.

Vutrisiran kwa ugonjwa uleule: sindano moja ya chini ya ngozi, mililita nusu, kila miezi mitatu, hifadhi nyuzi joto 2 hadi 30. Inclisiran, inayoshusha lehemu ya LDL kwa takriban nusu, sindano ya kwanza, ya pili baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita, nayo haihitaji jokofu. Kwa kituo cha Tunduru au Lodwar tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya kisayansi iliyotajwa juu. Kikwazo kinachobaki ni bei.

Wote wanaotumia dawa za kuzima TTR wapewe vitamini A kwa kiwango cha kawaida cha kila siku, kwa kuwa TTR ndiyo inayosaidia kuibeba kwenye damu. Msipandishe dozi ya vitamini kwa kufuata kipimo cha damu. Kipimo kitaonekana kidogo kwa sababu mbebaji amepungua, na mwili bado unaipata kwa njia nyingine.

---

Sitrati4 #13

Mfamasia, kwa hiyo LNP kamwe zisigandishwe? Mbona chanjo ya Pfizer ilikuwa inakaa nyuzi joto 70 hasi?

---

Mama Pipeti #14

Zile ziliundwa zigandishwe. Ndani yake mna sukrosi. Sukrosi inakaa kati ya chembe na fuwele za barafu, chembe zisibanane. Kwa mzigo wako wa maabara, baada ya dialisisi ya PBS badilisha kwenda Tris ya milimola 20, pH 7.4, yenye sukrosi asilimia 8 hadi 10. PBS haifai kugandisha kwa sababu fosfati ya sodiamu inaganda kabla ya nyingine na pH inashuka ghafla, lipidi ya ioni inachajika tena na chembe zinaungana. Gawa kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, mikrolita 100 au 200, peleka nyuzi joto 80 hasi. Yeyusha kwenye barafu, pindua taratibu, usitikise kwa mashine. Pima ukubwa na RNA iliyofungwa kabla ya kugandisha na baada ya kuyeyusha kichupa kimoja. Ukubwa ukipanda zaidi ya nanomita 10 hivi au RNA ya nje ikiongezeka, mzigo huo utumie kujifunzia, usiuweke kwenye jaribio.

Zile za kubandika kingamwili usizigandishe mpaka uhakikishe kingamwili bado inashika baada ya kuyeyuka. Mpaka hapo zikae nyuzi joto 4 na zitumike ndani ya siku chache.